Busu, Kipigo na Umri wa Mtazamaji: Tathmini ya Filamu ya Rafiki

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumeandika mengi juu ya kile ambacho kazi ya sanaa inasema na namna inavyokisema, lakini tumeandika machache mno juu ya umri wa yule anayeambiwa. Tunapozungumzia hadhira, aghalabu tunamfikiria mtu mzima aliyesoma, mwenye uwezo wa kupima na kukataa. Swali la iwapo kazi fulani inamfaa kijana wa miaka 14 au 16 tumewaachia wengine: mwalimu mkuu, mzazi, kasisi, imamu, na bodi ya serikali. Nao hulijibu kwa vipimo vyao, kisha sisi hulalamika kwamba vipimo hivyo si vya kisanaa. Makala haya yanakusudia kulichukua swali hilo na kulifanya letu. Mfano tutakaoutumia ni Rafiki, filamu ya mapenzi iliyoongozwa na Wanuri Kahiu na kutolewa mwaka 2018. Hatukuichagua kwa sababu ya kelele zilizoizunguka. Tumeichagua kwa kuwa, katika kelele hizo, swali la umri lilipotea kabisa, ingawa jina la vijana lilitajwa mara kwa mara.

Historia yake inajulikana, nasi tutaipitia kwa haraka. Chimbuko la filamu ni hadithi fupi "Jambula Tree" ya mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Tarehe 27 Aprili 2018 bodi ya uainishaji wa filamu ya Kenya iliipiga marufuku kwa hoja kwamba inaendeleza mapenzi ya jinsia moja kinyume cha sheria na maadili ya nchi. Mwezi uliofuata ilionyeshwa Cannes katika kitengo cha Un Certain Regard, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha hilo. Septemba mwaka uo huo Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu aliisimamisha marufuku kwa siku 7 ili filamu itimize sharti la kushindania Oscar, na akaruhusu itazamwe na watu wazima walio tayari kuitazama. Mwezi Aprili 2020 mahakama hiyo hiyo, kwa uamuzi wa Jaji James Makau, iliunga mkono msimamo wa bodi. (Mahakama inayotajwa hapa iko Milimani, lakini ni Milimani ya Nairobi. Kwa Milimani yetu ya Nakuru tutafika baadaye.)

Jambo la kwanza la kuzingatia katika mfululizo huo ni kwamba hakuna mahali ambapo umri ulipimwa. Bodi ina mafungu yake: filamu za watu wote, za uelekezi wa wazazi, za waliotimu miaka 16, na za watu wazima waliotimu 18. Marufuku haiingii katika mafungu hayo, kwa maana humzuia bibi wa miaka 70 sawasawa na mjukuu wake. Uamuzi wa Septemba nao uliwataja watu wazima peke yao. Kwa hiyo mtu akitaka kujua kama filamu hii inamfaa msichana wa kidato cha tatu, atasoma nyaraka zote na kutoka bila jibu.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mwongozaji mwenyewe ameeleza hadharani kwamba wakati wa mazungumzo na bodi, lawama haikuangukia sana picha za mapenzi zilizomo. Iliangukia mwisho wa filamu. Mwisho huo ulionekana kuwa na matumaini mno na kukosa majuto. Maelezo hayo, tukiyatafakari, yanatuonyesha kwamba bodi iliacha kazi ya kuhesabu mabusu na kuingia katika kazi ya uhakiki. Kusema kwamba mwisho wa kisa haulingani na matendo ya wahusika ni kauli juu ya msuko na dhamira. Ni kauli ambayo mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili angeweza kuitoa katika semina, nasi tungemtaka aitetee. Tuichukulie basi kama kauli ya kihakiki na tuipime kama tunavyopima nyingine yoyote: je, kisa cha mapenzi kinachowafikia vijana ni lazima kimwadhibu aliyependa?

Kabla ya kujibu tutazame kilichomo. Kena na Ziki ni wasichana wawili wa mtaa mmoja wa Nairobi, na baba zao ni wapinzani katika uchaguzi wa wadi. Kena anaishi na mama aliyeachwa na mumewe, mshika dini, na humsaidia baba yake dukani. Ziki ni binti wa mwenye nacho. Wanakutana, wanazoeana, wanapendana. Mapenzi yenyewe yanaonyeshwa kwa vidokezo: mikono, nyuso, rangi za mwanga, busu, na kulala pamoja ndani ya gari bovu lililotelekezwa, ambamo kamera hukata mapema kuliko inavyokata katika tamthilia nyingi za televisheni zinazorushwa jioni watoto wakiwa sebuleni. Hakuna uchi wa kutajika. Hadithi ya Arac de Nyeko ilikuwa na ujasiri zaidi katika jambo hili, kwani huko wasichana wanafumaniwa chini ya mti na maneno hayafichi walivyokuwa. Anayetafuta ukware katika Rafiki atarudi mikono mitupu.

Kitu kinachomshtua mtazamaji ni kipigo. Majirani wanawafuma wasichana wale garini, wanawatoa nje na kuwapiga hadharani, kundi zima, wake kwa waume, watu ambao tumewaona wakinunua soda na kucheza mpira katika sehemu za mwanzo. Kisha tunaziona nyuso zilizovimba katika kituo cha polisi. Hapa filamu haitumii vidokezo tena. Kuna pia kijana mmoja wa kiume, asiye na maneno mengi, ambaye mtaa mzima humkejeli. Baada ya kipigo anakaa kando ya Kena bila kusema kitu, na ukimya wao unasema kwamba yeye alikwisha pitia njia hiyo. Kwa maoni yetu huo ndio ukurasa mkubwa wa filamu. Tena ndio tungeujadili kwanza kama tungeulizwa habari za umri, kwa kuwa mtoto wa miaka 11 hana mahali pa kuuweka. Busu atalisahau. Jirani mwema aliyegeuka hatamsahau, naye bado anahitaji kuamini majirani ili aweze kulala usiku.

Ajabu ni kwamba katika mjadala wote kipigo hakikutajwa sana. Hili si ajali. Utamaduni wetu wa uteuzi wa vitabu una mazoea ya kuivumilia dhuluma inayofanyiwa mwili na kuitilia shaka furaha ya mwili huo huo. Riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, ambayo watahiniwa wa kidato cha nne waliisoma kama kitabu teule, ina tukio ambamo Lime na Mwanaheri, mabinti wa Kaizari, wananajisiwa na genge baba yao akishuhudia bila uwezo wa kuwaokoa. Tukio hilo lilisomwa darasani na kuulizwa katika mtihani. Nasi tunasema ni haki lisomwe. Katika mji wa Nakuru, ambao ulipitia Januari 2008 kama ulivyopitia, wako wanafunzi ambao hawakuhitaji riwaya ili wajue genge ni nini, na riwaya iliwapa maneno ya kusemea walichokwisha kuona au kusikia nyumbani. Lakini ikiwa kijana wa miaka 17 anaaminiwa kulibeba tukio hilo, tunahitaji kuelezwa kwa hoja ni kitu gani katika busu kitakachomzidi nguvu.

Jibu linalotolewa kwa kawaida ni la funzo: ubakaji katika riwaya unalaaniwa, kwa hiyo unafunza, ilhali mapenzi katika filamu hayalaaniwi. Hapa tunarudi kwenye swali la mwisho wa kisa, na fasihi yetu ina kielelezo ambacho hakina budi kuletwa. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa katika shule za Tanzania kwa sababu ya maudhui yake ya ngono. Baadaye ikaja kuruhusiwa na kusomwa na wanafunzi wale wale waliokuwa wakikingwa nayo. Sasa, kama adhabu ndiyo inayokitakasa kisa, Rosa Mistika isingezuiwa hata siku moja. Rosa anaadhibiwa kuliko mhusika yeyote tunayemjua wa wakati wake: anapoteza heshima, anapoteza mchumba, anajitoa uhai. Hakuna majuto yanayoweza kuzidi hayo. Na bado ilionekana haifai. Ni dhahiri basi kwamba hoja ya adhabu huletwa pale inapofaa na kuwekwa kando isipofaa.

Lakini riwaya hiyo ina la kutufunza zaidi ya hilo. Zakaria, baba yake Rosa, anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na Kezilahabi anaufuata mstari kutoka kwenye fimbo hiyo hadi kwenye kaburi. Msichana aliyefungiwa asijue lolote anapofika chuoni hajui kutofautisha anayempenda na anayemtumia. Mwishoni baba na binti wote wawili wanafikishwa mbele ya hukumu ya Muumba. Mwandishi hakumkingia mtoto wala mlinzi. Wale waliokizuia kitabu kile walikuwa, kwa namna fulani, wanasoma habari zao wenyewe, na labda ndiyo maana hawakupendezwa.

Haitupasi kutoka hapo tukadai kwamba kila kitu kimfikie kila mtu. Dhana ya kwamba mambo fulani yana umri wake haikuletwa na bodi wala na Wazungu. Jamii za pwani na za bara zilikuwa nayo katika jando na unyago. Kungwi alimwambia mwari mambo ya wazi kuliko yaliyomo katika filamu nyingi, kwa nyimbo na kwa vitendo, lakini aliyasema kwa wakati wake na kwa mtu anayemjua kwa jina na kwa tabia. Utenzi ambao Mwana Kupona alimtungia bintiye katikati ya karne ya 19 hauoni haya kuzungumzia manukato, mapambo na namna ya kumlaza mume, nasi tumeuingiza katika mitaala bila yeyote kupiga kelele. (Tungeweza kupiga kelele juu ya unyenyekevu ambao mke anatakiwa kuwa nao humo, lakini huo ni mjadala mwingine.) Nguvu ya mafunzo hayo ilitokana na uhusiano. Bodi haimjui mwari. Hujua tarehe yake ya kuzaliwa tu, na kwa kipimo hicho kimoja inalazimika kuwaweka pamoja vijana ambao hawafanani kwa lolote.

Ugumu wa kipimo hicho ulionekana katika filamu nyingine ya mapenzi, Fifty Shades of Grey ya mwaka 2015. Filamu hiyo moja iliruhusiwa Ufaransa kwa waliotimu miaka 12, Uingereza ikaitengea waliotimu 18, na Kenya ikaipiga marufuku. Umbali kati ya miaka 12 na marufuku kamili hauwezi kuelezwa kwa tofauti za utamaduni peke yake. Unaonyesha kwamba wapimaji hawakuwa wakipima kitu kimoja. Sisi tungeiweka katika fungu la 18, na wala si kwa sababu ya kamba na pingu. Kinachotutia wasiwasi ni kompyuta, gari na vitabu vya bei ambavyo tajiri yule anampa msichana mwanafunzi, na namna kisa kinavyoifanya zawadi ionekane kuwa ni mapenzi na shinikizo lionekane kuwa ni mkataba. Katika nchi ambayo neno sponsa limekwisha kupata maana yake kamili vinywani mwa wanafunzi wa vyuo, kisa cha namna hiyo kina hatari ambayo jicho linalotafuta uchi halitaiona. Mlinganishe Grey na Blacksta katika Rafiki, mvulana wa mtaani anayemtaka Kena: anakataliwa, anaumia, na kisa kinamwacha aishi na kukataliwa kwake. Kwa kijana wa kiume wa miaka 16 tunadhani somo hilo si dogo.

Hapa ndipo Milimani ya Nakuru inapoingia. Ulikuwa mtaa wa Wazungu enzi za ukoloni, juu ya mji, kuelekea Menengai, wakati Waafrika wakipangiwa makao kama Bondeni. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani inayotumiwa na bodi ilitungwa mwaka 1962, kabla ya uhuru, na nyuma yake iko desturi ya udhibiti katika makoloni ya Uingereza iliyomweka Mwafrika mtu mzima katika fungu moja na mtoto: filamu iliyodhaniwa kumharibu mmoja ilidhaniwa kumharibu mwingine. Rangi imeondoka katika kipimo, lakini jiografia ya utazamaji haijaondoka. Nyumbani Milimani mzazi ana televisheni yenye namba ya siri, na anaweza kuyafunga maudhui ya watu wazima kwa mtoto wake au kukaa naye na kuyajadili. Kaptembwo au Bondeni kijana hutazama katika kibanda cha video au kwa filamu aliyonakiliwa kwenye flashi, bila alama ya umri, bila mzazi, na mara nyingi kwa sauti ya msimulizi.

Suala la msimulizi linastahili utafiti wa peke yake. DJ Afro nchini Kenya, na kabla yake Lufufu wa Dar es Salaam aliyesimulia hata Titanic kwa Kiswahili, hawatafsiri maneno tu. Huwapa wahusika majina ya kwetu, huwatania, huwaonya, huruka jambo na kurefusha jingine. Wao ndio kungwi wa kibandani, apende asipende mtu. Kisa cha mapenzi kikipita kinywani mwa msimulizi anayemcheka msichana kwa kupenda kinakuwa kisa kingine, hata kama hakuna picha moja iliyoongezwa. Bodi huainisha picha; masimulizi haya, ambayo ndiyo yanayobeba maana kwa wasiofuata Kiingereza cha filamu, hayaguswi na uainishaji huo. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetafuta mada na alifikirie hili.

Tusidhaniwe kuwa tunaitetea Rafiki kama kazi isiyo na dosari. Mhubiri aliyemo ni kinywa tu kinachotoa hotuba, hana nafsi. Mama Atim, ambaye katika hadithi ya Arac de Nyeko anatisha kwa sababu tunaelewa uchungu wake, hapa amepunguzwa na kuwa mbeya wa kibandani. Rangi za kupendeza za sehemu ya kwanza zimepakwa kwa ukarimu mno, kiasi kwamba chuki inapofika inakuja kama mvua bila wingu. Aliyefaulu ni baba yake Kena, mwanasiasa mdogo anayejua kwamba binti yake atamgharimu uchaguzi na ambaye hamtupi. Jimmy Gathu anaucheza uso huo kwa upole. Wanaharakati walioitetea filamu waliyapita haya yote. Waliitetea haki ya kuonyeshwa bila kuisoma, na hivyo wakawaachia wapinzani wao uwanja mzima wa maana.

Liko pia jina. Kiswahili hakitofautishi jinsia katika rafiki, mpenzi wala mwandani, na kiambishi a- ni kimoja kwa mume na mke. Ushairi wetu wa mapenzi umeitumia sifa hiyo kwa karne nyingi, ukimficha mpendwa nyuma ya ua au njiwa hata msikilizaji asijue ni nani anayeimbiwa. Kahiu amelichukua neno la kawaida kabisa, ambalo wahusika hawa wangelitumia kujulishana mbele za watu, na kuuacha ufiche wa lugha ufanye kazi. Mtazamaji kijana anayelifahamu hilo anajifunza jambo juu ya Kiswahili chenyewe, na hatuoni kwa nini angojee miaka 18 ili ajifunze.

Tungeiweka filamu katika fungu la miaka 16, na kushauri kwamba shuleni isionyeshwe bila mwalimu aliyeitazama kwanza. Kinachotuzuia kushuka chini ya hapo ni dakika zile za kipigo. Ama kuhusu mwisho, Ziki alipelekwa London na wazazi wake baada ya kumkana Kena, na miaka imepita. Kena ameingia katika kazi ya hospitali. Anasimama mlimani, mji uko chini yake, na mkono unamgusa begani. Hatuonyeshwi zaidi. Hatujui kama wataishi pamoja, wala kama mtaa umebadilika. Waliowapiga bado wako pale pale, na hakuna aliyeshtakiwa. Aliyeuona mkono huo kuwa ni kukosa majuto alikuwa anatazama bega la Kena peke yake. Majuto yalikuwa yanadaiwa kwa watu wasiofaa, na filamu inajua hivyo, kwa kuwa tangu kipigo kile haijatuonyesha hata jirani mmoja akiomba radhi.